Nafasi Ipo, Pesa ya Kutangulia Haipo

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, akichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, jambo la mwanzo analoambiwa ni kwamba kule hatalipa ada. Ni kweli. Chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharamia safari nyingi za aina hii, chuo mwenyeji hakiruhusiwi kumtoza mgeni ada ya masomo, ya usajili, ya mitihani, ya maabara wala ya maktaba. Kinachoweza kudaiwa ni vitu vidogo kama bima au mchango wa umoja wa wanafunzi, tena kwa kiwango kile kile wanacholipa wenyeji. Juu yake kuna posho ya kila mwezi na pesa ya nauli. Mzazi akiyasikia hayo hunyanyua mikono akamshukuru Mungu, na ana haki ya kushukuru.

Ila mara nyingi hakuna anayemwambia mzazi huyo pesa hizo zitafika lini. Naamini kwamba kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba, swali la lini ni zito kuliko swali la kiasi gani, na kwamba nafasi nyingi hupotea hapo, kabla mtu hajafika hata uwanja wa ndege.

Kiasi chenyewe si haba. Tangu 2024, mwanafunzi anayetoka nchi kama Tanzania kwenda Ujerumani, Finland, Ufaransa au Italia hupewa euro 900 kwa mwezi. Akienda Hispania au Ureno ni 850, na akienda Poland au Uturuki ni 800. Nauli hukadiriwa kwa umbali: safari ya kilomita 4,000 hadi 7,999, ambamo sehemu kubwa ya Ulaya inaingia ukipima kutoka Zanzibar, ina euro 1,188. Kwa muhula wa miezi mitano Ujerumani jumla inakuwa euro 5,688, zaidi ya shilingi milioni 15. Kijana mwenye nidhamu ya matumizi ataishi nazo.

Sasa zitazame tarehe. Kanuni za mpango zinataka malipo ya kwanza yafanyike ndani ya siku 30 baada ya mkataba wa ruzuku kutiwa saini, na kabla ya siku ya kuanza masomo. Lakini zinaruhusu vilevile yasubiri mpaka chuo mwenyeji kithibitishe kwamba mwanafunzi ameshafika, na malipo hayo ya kwanza yanaweza kuwa nusu tu ya ruzuku. Vyuo vingi vya Ulaya hupenda kulipa kupitia akaunti ya benki ya huko huko, na akaunti hiyo haifunguliwi na mtu aliyeko Mchangamdogo, Pemba. Inafunguliwa na mtu aliyekwisha kufika, mwenye anwani na karatasi ya kuandikishwa mtaani. Kwa hiyo anayehitaji pesa ili afike anaambiwa afike kwanza ndipo apate pesa.

Katikati hapo kuna miezi ya matumizi. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Ili uipate unahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na kama jina la kwenye cheti halifanani herufi kwa herufi na la kwenye matokeo ya Kidato cha Nne, jambo la kawaida sana kwetu ambako Khamis mmoja huandikwa kwa njia tatu, utakwenda kwa sheha, kisha kwa wakili ukaapie hati, kisha urudi ofisi ya usajili. Kila kituo kina ada yake na nauli yake.

Halafu viza. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo viza fupi ya Schengen haifai, inatakiwa viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi. Balozi za Ulaya ziko Dar es Salaam. Kwa mtu wa Dar ubalozi ni daladala. Kwa mtu wa Mjini Unguja ni boti ya asubuhi na ya jioni, au kulala kwa jamaa. Kwa mtu wa Wete, Pemba, ni gari hadi bandari ya Mkoani, boti hadi Malindi, bandari ya Unguja, kulala, boti nyingine hadi Dar, kulala tena, kisha njia yote hiyo kurudi nyuma. Akiambiwa kwamba bima aliyoleta haitaji tarehe zote za safari, ataianza upya. Na kuna nchi ambazo hazina ubalozi Tanzania kabisa: Austria huihudumia nchi yetu kutoka Nairobi. Ada ya viza yenyewe, ambayo kwa Ujerumani ni euro 75 na mwenye ufadhili wa fedha za umma anaweza kusamehewa, ndiyo sehemu ndogo ya gharama ya viza.

Ujerumani ina jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Mwanafunzi wa kigeni anatakiwa aonyeshe kwamba ana pesa za kujikimu, na tangu Septemba 2024 kipimo ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Posho ya Erasmus+ ni 900. Mpango wa Umoja wa Ulaya wenyewe unampa mgeni wake pungufu ya kile ambacho nchi mwanachama inasema ndicho kima cha kuishi. Tofauti ya euro 92 kwa mwezi, mara miezi mitano, ni euro 460. Afisa wa viza anaweza kuuliza zitatoka wapi, na mwombaji anapaswa kwenda na jibu la maandishi: barua ya mdhamini, taarifa ya benki, au barua ya chuo kwamba chumba chake kina bei nafuu.

Jibu lililo bora zaidi limo katika kanuni za Erasmus+ zenyewe, nalo halitangazwi vya kutosha. Mwanafunzi anayetambuliwa kuwa na fursa finyu anaweza kupewa nyongeza ya euro 250 kwa mwezi. Kijana wa mkulima wa Pemba, aliyesoma skuli ya serikali na kuingia chuo kwa mkopo, kama si yeye mwenye fursa finyu sijui ni nani. Lakini nyongeza hiyo haimfuati mtu nyumbani. Lazima chuo kinachompeleka kiulize, kijue vigezo vilivyowekwa na upande wa Ulaya, na kimwandikie. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa isiyouliza inamkosesha kila mwanafunzi wa aina hii euro 1,250 kwa muhula wa miezi mitano.

Akifika nako, anakuta dhamana ya chumba. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwenye nyumba kuchukua dhamana ya hadi kodi ya miezi 3. Dahalia za wanafunzi huchukua pungufu ya hapo, lakini nazo mara nyingi hutaka dhamana na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya funguo. Kuna bima ya afya. Kuna koti na viatu vya baridi, ambavyo mtu wa Zanzibar hana kwa sababu hajawahi kuvihitaji, na ambavyo haviwezi kusubiri mwezi wa pili.

Jumlisha pasipoti, safari za Dar, bima, tiketi ya ndege, dhamana, kodi ya mwanzo na chakula cha wiki za kwanza. Hata kwa mwanafunzi mwangalifu tunazungumzia mamilioni ya shilingi yanayotakiwa kati ya Machi na Septemba, yote kabla ya ruzuku kuonekana. Anayekopesha ni familia, na ndipo uchaguzi unapofanyika mara ya pili. Mara ya kwanza kamati ya chuo ilichagua kwa alama, barua ya maombi na mahojiano. Mara ya pili anachagua ami aliyeko Muscat, kama yupo, na kama mwaka huu ana nafasi. Mwenye ami anapanda ndege. Asiye naye anaandika barua ya kujitoa kwa sababu za kifamilia, nafasi inakwenda kwa aliyemfuata, na takwimu za chuo zinaonyesha kwamba nafasi zote zimejazwa. Pengo halionekani popote kwenye ripoti.

Wapo wanaosema kwamba mwenye nia hatakosa njia, na kwamba familia zetu zimezoea kuchangishana. Zimezoea, na huo ni uungwana mkubwa. Lakini Pemba pesa nyingi za nyumbani hutokana na karafuu, na karafuu zina wakati wake. Msimu mkubwa hushika kasi kuanzia mwezi wa Julai, wakati miadi ya ubalozi imeshapita na bei ya tiketi imeshapanda. Kumwambia mkulima achange mamilioni mwezi wa Aprili ni kumwambia auze mikarafuu, au aikodishe kabla ya mavuno kwa bei ya kuumia. Sidhani kama kuna chuo kinachotaka muhula wa Ulaya uwe na bei hiyo.

Wazee wetu waliopelekwa kusoma Urusi, China na Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964 walikwenda kwa makubaliano ya serikali kwa serikali. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, na sitamani yote yaliyokuwamo yarudi. Ila ulijua jambo moja: kwamba mtoto wa mvuvi hawezi kujinunulia tiketi ya ndege halafu arudishiwe.

Linalohitajika leo ni dogo kuliko lile. Tunahitaji mfuko wa kutangulizia, wa pesa zinazotoka na kurudi. Tuseme chuo kina wanafunzi kumi kwa mwaka na kila mmoja anahitaji kutanguliziwa euro 2,000. Hizo ni euro 20,000, na zikirudi zote zinawapeleka kumi wengine mwaka unaofuata. Akaunti inaweza kukaa Benki ya Watu wa Zanzibar. Mwanafunzi anatia saini kwamba ruzuku yake ikiingia, sehemu aliyotanguliziwa inarejeshwa moja kwa moja. Na ili kisiwe kilio cha kumfukuzia mtu madeni, chuo cha Ulaya kinakubali kwa maandishi kuipeleka sehemu hiyo kwenye mfuko wenyewe. Kwa kiasi hicho hasara haitakuwa kubwa: anayekopeshwa ameshachaguliwa, ana mkataba wa ruzuku, na anatakiwa kurudi kumaliza shahada yake Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ingeweza kuubeba mfuko huu kwa urahisi kuliko chuo, kwa sababu ina watu wa kufuatilia marejesho na wengi wa wanafunzi hawa ni wateja wake tayari. Pingamizi nalijua: Bodi ina maombi mengi ya mikopo ya kawaida, kwa nini iwashughulikie wachache wanaokwenda kuona theluji? Nakubali kwamba mkopo wa ada unatangulia. Lakini pesa hii hailiwi, inazunguka, na bila ya hiyo tunaziacha nafasi zilizolipiwa na wengine ziwaendee wale tu ambao nyumbani kwao kuna akiba. Nafasi ya bure inayokwenda kwa aliyejiweza pekee inaongeza pengo ndani ya darasa moja.

Chuo mwenyeji nacho kina la kufanya, tena lisilomgharimu kitu. Kanuni zinakiruhusu kumnunulia mwanafunzi tiketi na kumkatia bima chenyewe badala ya kumpa fedha taslimu baadaye. Vyuo vingine hufanya hivyo, vingine havifanyi kwa sababu hakuna aliyeomba. Tiketi ikishanunuliwa na wao, zaidi ya nusu ya mzigo wa kutangulia imeondoka, na mfuko nilioueleza unaweza kuwa mdogo zaidi.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa kwenye bajeti yoyote, nayo ni mwaka. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hupima mwaka wa masomo kwa krediti 120, kila krediti ikiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ulaya mwaka ni krediti 60 za ECTS, mfumo wa krediti wa huko, na moja ni saa 25 hadi 30. Kwa hiyo muhula wa ECTS 30 unatosha kabisa kuwa nusu mwaka wa kwetu. Lakini utosheo huo lazima ukubaliwe kabla ya safari, katika mkataba wa masomo wenye saini tatu, ya mwanafunzi, ya chuo chake na ya chuo mwenyeji, unaosema somo gani la kule linasimama badala ya somo gani la hapa. Mkuu wa idara akiutia saini kwa haraka bila kuusoma, mwanafunzi anarudi na matokeo mazuri yasiyo na pa kuwekwa. Kalenda nayo haimsaidii: muhula wa baridi wa Ujerumani ni kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi, nchi za Skandinavia huanza Agosti, na sisi tuna tarehe zetu. Akirudi anaweza kukuta muhula wa pili umeshakwenda wiki kadhaa. Kurudia mwaka maana yake ni ada nyingine, chakula kingine, dahalia nyingine, na mwaka mzima wa kuchelewa kupata kazi. Hakuna ruzuku inayolipia hilo.

Mpaka hapa nimezungumzia wanaotoka. Wanaokuja wamo katika hesabu hiyo hiyo, kwa sababu nje ya fedha za Umoja wa Ulaya mikataba mingi ya chuo kwa chuo husameheana ada kwa uwiano: mkituletea wawili, nasi tutapokewa wawili. Mgeni anayekaa darasa la Kiswahili pale SUZA, katika kitengo ambacho wengi bado tunakiita TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, anaweza kuwa ndiye anayefungua kiti cha kijana wa Wete huko ng'ambo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika mikataba hii kupona kwetu kumeandikwa kwa idadi.

Tuna cha kuwavutia. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya kujengea Kiswahili sanifu, ulichagua Kiunguja. Tuna bahari, matumbawe na mikoko, na Wamarekani wa SIT, taasisi ya kupeleka wanafunzi kusoma nchi za nje, wamekuwa wakileta wanafunzi Mji Mkongwe kusoma ikolojia ya pwani. Tangu 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi yake hapa Unguja. Hata hivyo serikali ya Marekani, inapowafadhili wanafunzi wake wa chuo kujifunza Kiswahili kwa programu yake ya lugha za kimkakati, imekuwa ikiwapeleka Arusha. Sina ugomvi na Arusha. Nataka tujiulize mgeni wa muhula anakutana na nini akija kwetu.

Anakutana na utaratibu uliotengenezewa mtalii. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje aliye mtu mzima anayeingia Zanzibar hulipia bima ya dola 44, nayo inadumu siku 92. Mtalii wa wiki moja haimsumbui. Mwanafunzi wa miezi minne au mitano inamwishia katikati ya masomo. Kwenye boti hulipa nauli ya wageni mpaka kibali chake cha ukaazi kitoke, na kibali kikichelewa muhula unaweza kukaribia kwisha. Nyumba ni ngumu zaidi. Wenye nyumba wetu wamezoea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na anayekaa miezi minne hana pa kuingia ila nyumba za wageni wa pwani kwa bei ya pwani. Wengine humtajia bei kwa dola, ingawa tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kutoza bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni.

Suluhisho la nyumba tunalo tayari na tunalifanya kwa uchache. Familia za Mji Mkongwe na za mitaa ya Ng'ambo hapa mjini zimewapokea wanafunzi wa Kiswahili kwa miaka mingi. Mgeni analala chumba cha watoto, anakula wali wa nyumbani, anajifunza kusema shikamoo na kuitika kwa adabu, na mama wa nyumba anapata pesa mkononi kila mwezi. Hakuna darasa linalofundisha lugha kama hilo. Kinachokosekana ni daftari moja la chuo la familia zilizokaguliwa, bei iliyokubaliwa kwa shilingi, na mtu wa kupigiwa simu choo kikiziba au mgeni akiugua usiku. Tunguu, Chwaka na Chake Chake wangeweza kuingizwa kwenye daftari hilo, kwa sababu si lazima kila mgeni alale Mji Mkongwe.

Haya yote yana wakati wake wa kusemwa. Vyuo vya Ulaya huomba fedha za Erasmus+ kwa ajili ya nchi kama yetu mara moja kwa mwaka, na dirisha hufungwa mwezi wa Februari. Ratiba na bajeti huandikwa Novemba, Disemba na Januari. Tiketi kununuliwa na mwenyeji, asilimia ya malipo ya kwanza, nyongeza ya wenye fursa finyu, marejesho ya moja kwa moja kwenye mfuko wetu: yote hayo huingia kwenye makubaliano wakati huo, kwa barua pepe ya ukurasa mmoja kutoka ofisi ya uhusiano wa kimataifa. Machi ikifika, anayeuliza ataambiwa asubiri mwaka mwingine.